Nguzo ya Upepo Iliyopasuka Saa Saba Mchana: Kisa cha Kambi Moja ya Pwani, Tanga

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kilitokea msimu wa kaskazi, kwenye kambi ndogo ya wageni kusini mwa mji wa Tanga, ukifuata barabara ya Pangani. Majina hayapo, na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yameondolewa au kubadilishwa. Mimi niliingia mwishoni, nilipoitwa kutengeneza kilichopasuka, yaani nguzo ya hema inayojazwa upepo kwa pampu. Kazi yangu ni kuziba boti za upepo, zile za wapiga mbizi na za wenye mahoteli, na hema la upepo halina tofauti kubwa na boti ya upepo: mpira au plastiki ndani, kitambaa nje, vali, na mtu mwenye pampu.

Nilizungumza na mgeni, na mwenye kambi, na kijana wa kambi, kila mmoja peke yake. Maelezo yao yalipishana kuhusu nani alisema nini, lakini kuhusu saa na namba walikubaliana, na ndiyo iliyowezesha kisa hiki kuchambuliwa.

Usuli

Familia ilitoka Dar es Salaam: baba, mama, watoto na mama mkwe wa yule baba. Walivuta karavani iliyotumika, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, iliyoagizwa kutoka Uingereza, na pamoja nayo kilikuja kibaraza cha turubai kinachofungwa ubavuni mwa karavani. Ukingo wake mnene huingizwa kwenye mfereji wa alumini ulio juu ya mlango wa karavani, unavutwa hadi mwisho, na hapo unapata sebule ya nje yenye paa na kuta za zipu.

Vibaraza vya zamani husimamishwa kwa mabomba. Hiki kilikuwa na nguzo za upepo, tatu. Kila nguzo ina vitu viwili: ndani kuna mrija wa plastiki laini ya poliyurethani, na nje kuna ala ya kitambaa kigumu inayofungwa kwa zipu ndefu. Mrija kazi yake ni kuzuia upepo usitoke tu. Mzigo wote wa mgandamizo hubebwa na ala na zipu yake. Mrija ukipata mwanya wa kutokeza nje ya ala, unavimba mahali hapo, unazidi kuwa mwembamba, na mwisho wake unajulikana. Kwenye boti ninaona jambo hilohilo mahali ambapo mshono umeachia.

Kibaraza kilikuwa na vali moja ya kujazia nguzo zote, na kati ya nguzo na nguzo kulikuwa na vali ndogo za kutenga. Karibu na vali kubwa kulikuwa na lebo: psi 7 hadi 9, isizidi 9. Psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo. Kwa dereva wa kawaida namba hizo ni ndogo mno, maana tairi la gari dogo hukaa karibu na psi 30, na fundi mmoja wa matairi mjini alishawaambia hivyo walipompitishia pampu aitazame: "Tisa? Hiyo si upepo, hiyo ni pumzi." Bahati nzuri hawakumfuata.

Pampu yenyewe ilikuwa ya umeme, ya volti 12, ya aina inayotumika kujaza mbao za upepo, zile za kusimamia majini na kupiga kasia. Unachagua namba, unabonyeza, inajaza, ikifika inajizima. Pampu ya mkono iliyokuja na kibaraza iliachwa Dar kwa sababu inachosha.

Jambo la mwisho la usuli ni jua. Kambi ile, kama kambi nyingi za pwani zenye akili, hairuhusu hema chini ya mnazi. Nazi haichagui kichwa. Kwa hiyo sehemu ya karavani iko peupe, na Februari pale hakuna kivuli kuanzia asubuhi hadi alasiri.

Jioni: pampu inayolalamika

Walifika jua likielekea kuzama. Karavani iliwekwa mahali pake, gari likaegeshwa umbali wa kama mita 10. Baba alitoa waya wa kuunganisha uliotengenezwa na fundi wa mtaani, waya mwembamba wa taa za nyumbani, akauchomeka kwenye tundu la sigara la gari na kuupeleka hadi kwenye pampu.

Pampu iliguna. Nguzo zilinyanyuka kidogo, zikalala. Baada ya muda pampu ikawa ya moto na ikajizima yenyewe. Baba alidhani imeungua. Kijana wa kambi alisema labda vali inavuja, wakaipaka povu la sabuni. Hakuna kipovu kilichotokea.

Mwenye kambi, mzee aliyewahi kuwa dereva wa malori, alikuja akagusa waya. Ulikuwa na joto. Akasema: "Shemeji, pampu haina kosa. Sogeza gari." Gari lilisogezwa, pampu ikaungwa moja kwa moja kwenye betri kwa vibanio vyake, injini ikiunguruma. Safari hii nguzo zilisimama bila shida. Pampu iliwekwa psi 9, ikafika, ikajizima. Mpira wa kupitishia upepo ulikuwa wa moto kiasi kwamba baba aliushika kwa kitambaa kuuchomoa.

Pembe zilifungwa kwa viroba vya mchanga vilivyofukiwa, si kwa vigingi vya chuma, kwa kuwa vigingi mchangani hung'oka. Vali za kutenga hazikuguswa, zilibaki wazi. Mzee alitoa sharti moja: hakuna jiko chini ya turubai, hata la chai. Mama alinung'unika, kwa sababu sebule ile walikuwa wameinunua hasa kwa ajili ya kupikia, lakini jiko lilikaa nje.

Alfajiri: nguzo zimelegea

Kulipopambazuka, baba alikuta paa limebonyea katikati na limeshika umande. Akabonyeza nguzo kwa kidole gumba, ikaingia. Hitimisho lake lilikuwa lile ambalo wengi tungelifikia: kuna mahali panavuja. Akaleta gari, akaunga pampu, akaweka tena 9, ikajaza kwa muda mfupi na kujizima. Paa likanyooka. Alikunywa chai ameridhika.

Mnamo saa 4 asubuhi kijana alipita na ndoo ya maji. Aliona mambo mawili: nguzo ya kati imekakamaa kama ngoma iliyoangikwa motoni, na mahali inapopinda juu, meno ya zipu ya ala yameanza kutengana, na weupe wa mrija unaonekana. Akamwambia baba: "Mzee, huyu wa katikati amejaa sana." Baba alijibu kwamba pampu imesema 9, na lebo imesema 9. Kijana akanyamaza, akaenda na ndoo yake.

Baadaye familia ilishuka baharini. Kuta zote zilifungwa kwa zipu ili ngedere wasiingie, na mama mkwe akabaki ndani akipumzika.

Saa saba

Mlio ulisikika hadi jikoni. Mrija wa nguzo ya kati ulipasuka palepale zipu ilipokuwa imetengana, mpasuko wa urefu wa kiganja. Kwa kuwa vali za kutenga zilikuwa wazi, nguzo mbili nyingine zilitoa upepo wao kupitia tundu hilohilo, na paa zima likashuka taratibu juu ya bibi. Kijana ndiye aliyefika kwanza, akafungua zipu ya ukuta, akanyanyua turubai kwa mpini wa reki na kumtoa. Bibi alitoka akicheka, kisha akakataa kabisa kurudi ndani kwa muda wote uliobaki. Hakuna aliyeumia.

Matokeo

Fundi baiskeli wa jirani aliitwa kwanza, akaweka kiraka kwa solusheni. Kilibanduka kabla hawajamaliza kujaza. Hapo ndipo nikaitwa. Solusheni ya baiskeli ni ya mpira. Kwenye poliyurethani inashika juujuu tu. Niliusafisha mrija kwa spiriti, nikaweka kiraka kipana cha plastiki ya aina yake kwa gundi ya poliyurethani, nikauacha chini ya mzigo hadi kesho yake. Zipu ya ala ilikuwa imejaa mchanga na kitelezi chake kimepanuka. Kilibadilishwa na fundi cherehani, akapiga na mshono wa kuongezea pale penye pindo. Niliwaambia wasizidishe psi 6 hadi wapate mrija mpya.

Malipo yalileta maneno. Baba alisema kambi ndiyo iliyompanga juani, na kijana hakusisitiza. Kijana alisema alisema. Mzee alimaliza kwa kuwasamehe malipo ya usiku wa pili, na familia ikanilipa mimi. Sidhani kila upande uliridhika, lakini walipeana mikono.

Uchambuzi

*Upepo haukuvuja*

Hapa ndipo penye uzito wa kisa chote. Nguzo zililegea usiku, na hakuna tundu lililopatikana popote isipokuwa ule mpasuko wa baadaye. Zililegea vipi?

Upepo uliofungiwa hupanda na kushuka mgandamizo kadiri joto linavyopanda na kushuka. Hesabu yake ni nyepesi mradi ukumbuke kuongeza mgandamizo wa hewa ya kawaida, karibu psi 14.7, kwenye namba ya geji, na kuhesabu joto kuanzia sifuri halisi, yaani kuongeza 273 kwenye nyuzi za Selisiasi. Pampu inapogandamiza upepo huupasha moto pia. Ndiyo maana mpira ule haukushikika. Tukichukulia kuwa upepo ndani ya nguzo ulikuwa nyuzi 40 pampu ilipojizima kwenye 9, na alfajiri umeshuka hadi nyuzi 24, geji ingesoma karibu psi 7.8. Psi nzima na zaidi imepotea, na hakuna hata punje ya upepo iliyotoka. Ongeza kitambaa kinachonyooka kidogo kikibebeshwa mzigo mara ya kwanza, na ule upungufu mdogo unaotokea upepo ukisambaa hadi nguzo ya mbali baada ya pampu kusimama, na umepata kibaraza kilicholegea ambacho ni kizima.

Kumbuka pia kwamba 7.8 iko ndani ya kipimo cha lebo. Kibaraza kile hakikuhitaji kitu alfajiri. Paa lilibonyea kwa uzito wa umande, na jua la saa 2 lingelinyoosha bure.

Sasa twende upande wa pili. Alfajiri, kwenye nyuzi 24, alijaza hadi 9. Saa 7 mchana, ndani ya kibaraza kilichofungwa kuta zote, nguzo ya kijivu iliyokoza juani, tukichukulia upepo wake ulifika nyuzi 55, mgandamizo unakuwa karibu psi 11.5. Asingeongeza alfajiri, ungekuwa kama 10.1, ambao nao umepita lebo, ila kidogo. Kwa hiyo hata ujazaji wa jioni ulikuwa umezidi kwa Tanga ya Februari. Lebo ile iliandikwa kwa kiangazi cha kule Uingereza, ambako tofauti ya alfajiri na mchana juani si lazima ifike hapo. Pwani yetu 9 ni ukuta wa kugonga, haifai kuwa namba ya kuanzia.

*Zipu*

Je, psi 11.5 peke yake ingepasua nguzo? Sidhani. Ala nzima, zipu safi, ingestahimili. Nguzo mbili za pembeni zilikuwa na mgandamizo uleule na hazikupasuka. Kilichoipeleka ile ya kati ni zipu yenye mchanga, kwenye pindo, mahali penye mvuto mkubwa kuliko popote. Kifaa cha mtumba hukaguliwa mishono na zipu kwanza, turubai baadaye. Familia ilikagua turubai kwa sababu ndilo linaloonekana kwenye picha.

*Waya*

Tatizo la jioni halikuchangia mpasuko, ila nalitaja kwa kuwa nimeliona kwenye boti nyingi. Waya wa milimita 0.75 za mraba, mita 10 kwenda na 10 kurudi, una ukinzani wa karibu ohm 0.46. Pampu ikivuta ampea 9, volti 4 zinaishia njiani zikigeuka joto. Pampu ya volti 12 inabaki na 8, inaguna na kupata moto, na mtu anaanza kutafuta vali inayovuja. Uamuzi wa mzee wa kusogeza gari na kuunga kwenye betri, injini ikiwaka, ulikuwa sahihi kwa kila hali. Alijua kwa kugusa waya.

*Vali za kutenga*

Hapa kosa lilikuwa jepesi na athari yake kubwa. Vali zile zikifungwa baada ya kujaza, nguzo moja ikipasuka inaanguka peke yake na mbili zinabeba paa. Hakuna aliyezijua, baba alidhani ni viungo tu. Ni kazi ya dakika moja kuuliza kila kinachozunguka kwenye kifaa kinafanya nini.

*Jiko*

Sharti la mzee lilitokana na moto aliowahi kuuona kwenye hema la sherehe, hakuwa anafikiria upepo hata kidogo. Lakini ndilo lililofanya kisa hiki kiwe cha kuchekesha. Paa la poliesta kushuka polepole juu ya jiko linalowaka, na bibi kizee kando yake, ni habari nyingine kabisa.

*Kijana na namba*

Kijana aliona tatizo muda wa saa tatu kabla halijatokea. Alilisema mara moja, kwa adabu, kwa mtu mzima, mgeni, mwenye mali. Akajibiwa kwa namba, na namba ina heshima ambayo kijana wa ndoo hana. Mzee alipomuuliza kwa nini hakuja kumwambia yeye, alijibu: "Babu, mgeni ameshasema kipimo kiko sawa, mimi nani?" Simlaumu. Kambi haikuwa imempa ruhusa ya kugusa kitu cha mgeni, na bila ruhusa hiyo jicho zuri halifiki mbali. Upande wa baba nao naweza kuuelewa: namba ya pampu ilikuwa ya kweli kabisa saa 12 na nusu asubuhi. Saa 4 ilikuwa habari ya zamani, na hapakuwa na geji ya mkono ya kusoma upya.

*Je, pampu ya umeme ndiyo chanzo?*

Pale kambini wengi walisema ndiyo: umeme una nguvu, mkono una huruma. Mimi nakubali nusu. Pampu ilifanya ilichoambiwa, na ilisimama ilipoambiwa isimame. Lakini mwenye pampu ya mkono, alfajiri, kabla ya chai, angeitazama nguzo iliyolegea kidogo na kusema itangoja. Kujaza kwa mkono kunauma mabega, na maumivu hayo humlazimisha mtu kuuliza kama kweli inahitajika. Kubonyeza kitufe hakuulizi. Kwa hiyo hatari ya pampu ile, kwa maoni yangu, ilikuwa wepesi wake wa kuongeza pasipohitajika.

Kilichobadilika kambini

Kambi sasa ina geji ya mkono, na kijana ndiye anayekaa nayo. Mgeni wa nguzo za upepo huelezwa mapema kwamba ikifika saa 4 na nguzo imepita kipimo, kijana atafungua vali na kutoa upepo kidogo, kisha atamjulisha. Wakati wa kaskazi wanajaza hadi 7 jioni, wanasubiri nguzo zipoe, wanapima tena. Alfajiri pampu haiungwi kabla jua halijashika turubai. Mchana kuta mbili zinazoelekeana huachwa wazi na kufungwa nyavu tu, na ngedere wanashughulikiwa kwa njia nyingine.

Lililobaki linabishaniwa ni msimu wa kusi. Upepo ukivuma kwa nguvu kutoka baharini, nguzo iliyolegea hujikunja katikati na kuvuta mishono, na mzee anataka wakati huo waanze na 8. Mimi nimemwambia 8 inakubalika kwa siku za mawingu, mradi kamba za upande wa upepo zifungwe kwanza na geji isomwe tena jua likitoka. Yeye anasema kijana ameshajua kubonyeza kwa kidole gumba, geji ni ya kumridhisha mgeni.